Kabla hujanunua hizo betri za 3600

Majengo, Mombasa

Swahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, joto tu ndilo linalotuandama. Kaskazi imeshika, na usiku feni inatupulizia hari ile ile ya mchana. Mama watoto anakusalimu, na anakukumbusha kwamba zile picha za arusi bado anazingoja.

Nimesoma ujumbe wako kuhusu hiyo Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi, aliyoletewa kijana na mjomba wake. Umeuliza ununue betri gani za kuchaji, maana hizi za kutupa zimekutoboa mfuko, na ukanieleza kwamba mwenye duka amekuonyesha zilizoandikwa mAh 3600 (miliampea-saa, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) na roho yako imezipenda. Tafadhali ngoja kwanza.

Betri ya kuchaji ya saizi ya AA, hii ya nikeli inayoandikwa NiMH, hata iliyo kubwa kabisa huishia kwenye mAh 2700 hivi. Mle ndani hamna nafasi ya zaidi. Anayeandika 3600 anajua wewe huna cha kupimia. Nami nilikuwa na jozi ya namna hiyo, basi nikazipeleka kwa sonara mmoja Mji wa Kale, jirani yetu wa zamani, tukaziweka juu ya mizani ya dhahabu pamoja na zile ninazoziamini. Betri ya haki ya saizi hiyo huwa na gramu 25 na kitu, pengine hadi 30. Zile zenye namba kubwa mizani haikusumbuka nazo. Sonara akazigeuza kiganjani, akaniuliza kama nataka azisugue na kwenye jiwe.

Lakini hata namba ikiwa ya kweli, bado haijakwambia kijana atacheza kwa saa ngapi. mAh 2000 maana yake betri inaweza kutoa miliampea 100 kwa saa 20, au 200 kwa saa 10. Kinachoamua ni ulafi wa mashine. Game Boy ya kwanza, ya 1989, ilikuwa na kioo kisicho na rangi wala taa, ikakaa na betri zake 4 muda mrefu mno. Game Gear ya Sega ilikuja na rangi na taa yake, ikawa inameza betri 6 kwa saa 3 hadi 5. Hiyo ya kijana, ya 2001, ina rangi lakini kioo chake hakina taa, ndiyo maana betri 2 tu zinaitosha, na wenyewe walioiunda waliitangazia kama saa 15. Wewe hesabu yako ni safari ya treni kutoka Nairobi mpaka Miritini, na kurudi, bila kelele za mtoto.

Kwa hiyo zipime ndani ya mashine yenyewe. Zichaji zijae, uziache zipoe, kisha utie gemu ambayo ukiiacha kwenye ukurasa wa mwanzo inajichezea peke yake. Sauti iweke kati na usiiguse tena, kwa sababu spika nayo inakula. Weka saa ya mezani pembeni, na mbele yake simu kuukuu iwe inajipigia picha kila baada ya dakika chache; programu za kufanya hivyo zipo za bure. Hapo huna haja ya kukesha. Ukija kuzipitia picha utaona kioo kilizimika saa ngapi. Na kila seti uipime kwa kaseti ile ile na sauti ile ile, la sivyo unalinganisha papai na nazi.

Mimi nilianza baada ya swala ya alfajiri. Zile za 3600 adhuhuri haikuzikuta hai. Siku nyingine nikatia betri za NiMH ziitwazo Eneloop, ambazo ganda lake linasema 2000 tu, na isha ikaadhiniwa gemu bado inacheza. Bei yake ni kubwa, sikufichi, na mama watoto alinitazama vibaya.

Kitu cha kumwambia kijana mapema ni ile taa ndogo ya mashine inayoonyesha hali ya betri. Ikiwa kijani mambo mazuri, ikiwa nyekundu betri zinakwisha. Kwa betri za kutupa, nguvu inashuka polepole toka volti 1.5, kwa hiyo nyekundu inakuja na nafasi ya kutosha nyuma yake. Hizi za nikeli zinasimama karibu na volti 1.2 karibu muda wote, halafu zinaporomoka kwa ghafla. Akiona nyekundu ahifadhi gemu papo hapo, asijidanganye kumaliza raundi. Kwa sababu hiyo hiyo, usihangaike na mita ya fundi ukidhani itakupa jibu: iliyobakiwa na nusu na iliyobakiwa na robo zinasoma karibu sawa.

Mita ina kazi baada ya kioo kuzimika. Zitoe zote mbili upime moja moja. Mara nyingi utakuta moja ina uhai na mwenzake amekufa kabisa, na huyo dhaifu ndiye aliyeizima mashine. Ukilazimisha kuwasha tena na tena, yenye nguvu inaisukuma dhaifu kinyumenyume, chanya ikawa hasi, na hapo imeharibika. Ndiyo nikazitia alama kwa rangi ya kucha, nyekundu na nyekundu, zambarau na zambarau, zisichanganyike jozi. Watoto wangu wanaheshimu alama hizo kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Chaja nayo isiwe ile inayochaji mbili mbili kwa pamoja. Tafuta inayomhudumia kila mmoja kwenye tundu lake na kujikata inapojaa. Zikiwa mpya usizihukumu kwa mara ya kwanza, zijaze na kuzimaliza mara mbili tatu ndipo zifunguke. Na zile habari za kwamba lazima uimalize kabisa kabla ya kuchaji ni za betri za kadmiamu za zamani, usimtese nazo kijana.

Jaribio jingine, ziache mwezi mzima kwenye droo, kisha uzitie bila kuzichaji. NiMH za kawaida zinavuja zenyewe, na joto linaziharakisha; huku kwetu utaikuta imebaki jina. Eneloop, ambazo Sanyo walizitoa 2005, zilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa, zinakaa hata mwaka zikiwa na sehemu kubwa ya chaji yake. Kwa mtoto anayekumbuka gemu wakati wa likizo tu, hilo lina thamani kuliko namba yoyote ya kwenye ganda.

Usinunue chochote wiki hii. Nina jozi ya zambarau isiyo na kazi, nitampa shemeji anayepanda treni Ijumaa, pamoja na embe ngowe kidogo. Mkamngoje stesheni ya Syokimau, na umwambie kijana embe si zake peke yake.

Wasalaam,
Swahibu yako