Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Meza ya Majaribio, Akidi na Ada

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wenzangu,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu cha walimu na mafundi wa vifaa vya ndege, nasimama mbele yenu kutoa taarifa ya mwaka wa tatu wa uongozi wangu. Shughuli za kawaida sitazirefusha, maana mnazijua. Semina 4 zimefanyika. Mashindano ya wanafunzi ya kutafuta hitilafu yamefanyika. Vifaa vya kufundishia vimehesabiwa upya, na mtaala wa somo la rada umepitiwa na kamati ndogo ukarudishwa kwa marekebisho. Vijana 52 wamepita katika karakana yetu kwa mafunzo ya vitendo. Nawashukuru wakufunzi waliotoa jioni zao bila malipo. Mengine yamo katika ripoti ya Katibu, ambayo mmegawiwa.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa kutumia mfuko wa vifaa kununua meza ya majaribio yenye vifaa halisi vya urambazaji wa ndege, badala ya simuleta ya chumba cha rubani cha kisasa. Najua uamuzi huu umewaudhi wengi. Nimeandikiwa barua, nimepigiwa simu usiku, na kuna mwanachama aliyeniambia usoni kwamba tunawafundisha vijana katika makumbusho. Nimenyamaza kwa miezi 7 kwa sababu niliona mahali pa kujibu ni hapa.

Naanza na utaratibu, kwa sababu ndio uliolalamikiwa zaidi. Imesemwa kwamba Kamati ilijiamulia. Ndugu wanachama, daftari letu lina majina 87, na akidi ya mkutano mkuu ni theluthi moja, yaani watu 29. Mkutano wa kwanza ulioitishwa kujadili suala hili walikuja 17. Tukaahirisha kwa wiki 3, tukatuma taarifa upya, tukapanga siku ya mapumziko ili asiwepo wa kusema yuko kazini. Walikuja 22. Katiba inasema wazi kwamba mikutano miwili ikikosa akidi, Kamati Tendaji itaamua na kutoa taarifa. Ndivyo tulivyofanya. Siku 3 baada ya uamuzi nikapokea barua ya kupinga yenye saini 26. Nimezilinganisha saini hizo na daftari la mahudhurio: 19 kati ya hizo ni za wanachama ambao hawakufika katika mkutano hata mmoja kati ya ile miwili. Jina la mtu sitalitaja. Lakini naomba kila aliyesaini ajiulize siku ile alikuwa wapi.

Sasa nije kwenye sababu zenyewe.

Hoja ya wapinzani naiheshimu. Wanasema ndege za leo ni skrini na kompyuta. Zinajipima zenyewe na kumwambia fundi sanduku gani libadilishwe. Mwanafunzi akafundishwe yale atakayoyakuta kazini. Hoja hii ina uzito, na mimi mwenyewe niliwahi kuishikilia. Kilichonibadilisha ni miaka niliyokaa kwenye zamu za usiku. Nakumbuka sanduku moja la urambazaji lililoshushwa kwenye ndege mara 3, likapelekwa karakana mara 3, na mara zote likarudi na maandishi kwamba halina kosa. Ndege ilikuwa imelitaja sanduku, nasi tukaiamini ndege. Kosa lilikuwa kwenye kiungio cha waya wa antena, kilichoingia unyevu kikaota kutu ya kijani ndani, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukifungue. Fundi aliyekigundua hakuwa na kifaa cha ajabu. Alijua tu kwamba ishara huanzia kwenye antena, akaifuata kutoka huko.

Mwanafunzi wetu akiona namba kwenye skrini, ajue imetoka wapi. Hilo ndilo nililolitetea ndani ya Kamati, na nitaendelea kulitetea.

Meza tuliyonunua ina kipokezi cha VOR (ishara za mnara wa ardhini zinazoonyesha upande) na ILS (ishara zinazoiongoza ndege kutua), kifaa cha DME kinachopima umbali hadi kituo cha ardhini, transponda inayoijibu rada ya ardhini, kompyuta ya data za hewa inayogeuza shinikizo la hewa kuwa mwinuko na kasi, pampu ya kupimia mfumo wa pito na hewa tuli, yaani mabomba yanayochukua shinikizo hilo nje ya ndege, na kifaa cha kusomea mawasiliano ya ARINC 429, utaratibu ambao vifaa vya ndege hutumia kutumiana namba. Vyote vimetumika, vingine vina mikwaruzo. Wazo la kutafuta vilivyotumika lilikuwa langu, nami nalisema waziwazi, kwa sababu kwa bei ya vifaa vipya tungepata kimoja tu. Kuunganisha waya nilishiriki kwa mikono yangu, pamoja na mafundi wawili, katika likizo yangu yote.

Matokeo nimeyaona kwa macho. Juma la kwanza la mafunzo binti mmoja alikuwa akipima DME kwenye osiloskopu, chombo kinachochora ishara za umeme kwenye kioo. Kifaa cha ndege hutuma jozi ya mipigo, kituo cha ardhini hujibu, na ule muda wa kwenda na kurudi ndio unaotoa umbali. Kila maili moja ya baharini ni maikrosekunde 12.36. Alisoma maikrosekunde 174, akagawa, akapata maili 14. Kioo cha kifaa kilisema 10. Alirudia mara mbili, akadhani kifaa ni kibovu. Kumbe kituo cha ardhini hakijibu papo hapo; husubiri maikrosekunde 50 zilizowekwa kwa makusudi, na kifaa cha ndege huzitoa kabla ya kukokotoa. Alipozitoa hesabu ikakaa sawa. Binti yule hatazisahau zile maili 4.

Kundi jingine lilikuwa kwenye ILS. Mnajua kwamba mwelekeo wa njia ya kurukia unatokana na kulinganisha mawimbi mawili ya sauti yaliyobebwa na ishara moja, la hetzi 90 na la hetzi 150. Yakilingana nguvu, mshale unakaa katikati. Mkufunzi akachomoa waya wa antena kimyakimya, akauliza ndege iko wapi. Wanafunzi 5 kati ya 6 wakajibu iko sawasawa kwenye mstari. Mshale ulikuwa katikati kweli, kwa sababu hakukuwa na ishara yoyote ya kuusukuma upande. Kilichobadilika ni kibendera kidogo chekundu pembeni mwa ala, cha kuonya kwamba ishara haipo, ambacho ni mmoja tu aliyekitazama.

Lakini jaribio linalonifanya nisiujutie uamuzi huu ni la hewa tuli. Mwanafunzi aliunganisha pampu, akaanza kunyonya hewa kuiga ndege inayopaa. Mwinuko ukapanda kama ulivyotakiwa. Akarudisha hadi chini, kisha akaambiwa azibe bomba kwa kizibo kidogo cha mpira na kunyonya tena. Pampu inaonyesha ndege iko juu, kompyuta ya data za hewa imebaki pale pale ardhini. Tukamwambia asome neno la data kwenye ARINC 429. Neno lina biti 32. Lebo, yaani namba inayotambulisha aina ya data, ikiwa 203 ndiyo ya mwinuko wa shinikizo, na biti ya 30 na ya 31 ndizo zinazosema kama namba hiyo ni ya kuaminiwa. Akazisoma: zote mbili ni 1. Maana yake kazi inaendelea kama kawaida. Kijana akageuka kunitazama. Kompyuta haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ikipima kwa usahihi kabisa hewa iliyofungiwa ndani ya bomba. Kisha akafanya jambo ambalo hatukumwelekeza. Akasogea kwenye kifaa cha kupimia transponda, akaona mwinuko ule ule wa uongo, akauliza, "Kwa hiyo mwongoza ndege naye anasoma kosa hili hili?"

Ndiyo, naye anasoma hilo hilo. Tarehe 2 Oktoba 1996 Boeing 757 ya Aeroperú, safari nambari 603, iliondoka Lima usiku kuelekea Santiago. Ndege ilikuwa imeoshwa, na matundu ya hewa tuli yaliyozibwa kwa utepe wakati wa kuoshwa hayakufunguliwa. Ala za mwinuko na kasi zikawachanganya marubani tangu mwanzo, wakiwa juu ya bahari gizani. Wakamuuliza mwongoza ndege wako juu kiasi gani. Akawasomea mwinuko alioupata kwenye rada yake, na ule mwinuko ulikuwa umetumwa na transponda ya ndege yao wenyewe, kutoka kwenye mfumo ule ule uliozibwa. Waliamini wamepata ushahidi wa pili, kumbe ni ule ule wa kwanza umewarudia. Walikufa watu 70.

Naelezea ajali hii kila mwaka darasani, na kwa miaka mingi niliielezea kwa chaki. Mwaka huu kijana aliifikia mwenyewe kwa kizibo cha mpira. Simuleta nayo inaweza kuonyesha kosa kama hilo, endapo kuna mtu aliyelipanga kabla. Kwenye meza mwanafunzi analisababisha kwa mkono wake na kulifuata mpaka mwisho wa waya.

Wapo waliouliza mbona tunahangaika na VOR na DME wakati kuna GPS. Ishara ya GPS inatoka kwenye setilaiti zilizo juu kilomita 20,200 hivi, na inapofika ardhini ni dhaifu kuliko kelele ya kipokezi chenyewe. Kuiziba si kazi kubwa, na kuighushi kumekuwa tatizo la kweli kwa ndege za abiria zinazopita karibu na maeneo ya vita. Ikipotea, ndege hurudi kwenye minara ya ardhini. Anayehitimu bila kuijua minara hiyo tumempunja.

Yamesemwa pia maneno kwamba muuzaji ni rafiki yangu. Si kweli. Tulipokea bei za wauzaji 3, barua zao ziko kwa Mweka Hazina, na aliyechaguliwa ndiye aliyekuwa wa chini. Nilimfahamu siku ya kupakia mizigo. Naomba aliyeyasema maneno hayo aende akazisome barua, kisha akiona haja ya kuniomba radhi nitampokea.

Kuhusu rada ya hali ya hewa iliyoko chumba cha nyuma, marufuku ya kuiwasha ikiwa na antena inabaki. Nimelalamikiwa kwamba somo limekuwa kavu. Rada hiyo inatuma kwenye masafa ya gigahetzi 9 na ushei, mawimbi yenye nguvu yanayoweza kumdhuru mtu, chumba chetu kina kuta za karibu na makabati ya chuma, na kondensa (vihifadhi chaji ya umeme) za upande wa volti za juu hubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa. Itawashwa ikiwa imefungiwa mzigo bandia tu, yaani kifaa kinachomeza nguvu hiyo mahali pa antena, mkufunzi akiwepo. Hapa sikuomba maoni na sitaomba.

Sasa ada. Kati ya wanachama 87, waliolipa ada yote ni 34, waliolipa nusu ni 11, na 42 hawajalipa kitu. Katika hao 42 wamo 9 ambao mwaka jana pia hawakulipa. Na katika waliosaini barua ile ya kupinga matumizi ya mfuko wa vifaa, 14 hawajachangia mfuko huo. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa kumdhalilisha mtu. Cheti cha urekebishaji wa vipimo vya pampu ya hewa tuli kinakaribia kuisha muda, na pampu isiyorekebishwa inafundisha namba za uongo. Osiloskopu moja imekufa tangu mwezi wa 5, na vijana 6 wanagombania iliyobaki. Mhudumu wa karakana tulimcheleweshea posho mara mbili. Mara ya pili Mweka Hazina na mimi tulitoa mfukoni mwetu.

Mahudhurio ya semina hayakuwa mabaya kwa upande wa wanafunzi. Kwa upande wetu walimu na mafundi yalikuwa ya aibu. Semina ya ARINC 429, ambayo niliiandaa kwa majuma 5, walimu waliofika ni 4. Wanafunzi walikuwa 31, wengine wamesimama ukutani kwa kukosa viti.

Mipango ya mbele ipo. Tunatarajia kupata kompyuta ya pili ya data za hewa, ili wanafunzi walinganishe upande wa kushoto na wa kulia kama ilivyo kwenye ndege. Tunatumaini kuzungumza na mashirika ya ndege juu ya vifaa vilivyokwisha muda wa matumizi. Na simuleta hatujaitupa. Hali ya mfuko ikiruhusu, Kamati itaileta tena mbele ya mkutano mkuu, na natumaini siku hiyo akidi itatimia. Mtaala wa rada uliorudishwa tutajitahidi uwe tayari kabla ya muhula ujao.

Kipindi changu kinaisha mwakani, na nikiulizwa tena kuhusu meza ile nitaamua vilevile. Karakana inafunguliwa kila Jumamosi asubuhi. Mwanachama ambaye bado anaona tulikosea namkaribisha aje, ashike kizibo kile mwenyewe, aketi na vijana saa moja. Wasiolipa ada, Mweka Hazina yuko meza ya mlangoni na kitabu chake cha risiti mpaka mkutano utakapofungwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti