Madabodi ikikufa, anza na prosesa yako

Ndugu Mhariri,

Kuna ndugu mmoja wa Nakuru aliandika hapa juzi ati kompyuta yake ya kujiundia imekufa madabodi (ile bodi kuu inayobeba vitu vyote ndani ya kompyuta) na fundi akamwambia atupe yote anunue ingine, nikaona wacha nijibu kwa sababu hata huku Kisumu huo ushauri tunapewa kila siku. Bodi kufa si lazima prosesa (chipu inayofanya hesabu) ife, wala ramu (kumbukumbu ya muda), wala SSD (pa kuweka mafaili), mara nyingi hivo vitu viko sawa kabisa na kitu unatafuta ni bodi moja tu inayovikubali. Hapo sasa ndipo watu wanaumia. Unaingia duka, unaulizwa "yako ni i5 ama i7?", unasema i5, unapewa bodi "ya i5", unalipa kwa M-Pesa unaenda nyumbani ukifurahi, kumbe i5 na i7 ni majina tu ya prosesa za Intel, ziko za aina nyingi, na hiyo bodi inaweza kuikataa yako.

Lakini kabla hata ya hiyo duka hakikisha bodi ndio imekufa kweli. Huku kwetu stima ikipotea inarudi na nguvu za ajabu na mara nyingi kinachoungua kwanza ni pawa saplai (kile kiboksi kinachoigawia mashine stima), kwa hivyo azima ya jirani ama ya cyber ujaribu nayo, toa ramu ubakishe moja, toa na hiyo betri ndogo ya CR2032 uirudishe baada ya dakika chache, ndio useme bodi imeenda. Na kama ilikuwa ni radi (watu wa Kisii na Kakamega mnanielewa) usiangalie waya wa stima peke yake, radi hupitia pia waya wa intaneti, unapata kompyuta inawaka vizuri lakini pale pa kuchomeka huo waya pamekufa kabisa, na hiyo haihitaji bodi mpya, kadi ndogo ya netiweki inatosha.

Sasa turudi kwa i5. Intel inauza kitu inaitwa i5 tangu 2009 na soketi (pale prosesa inakaa kwa bodi) zimebadilika mara kadhaa, kuna ya 1155 ya mwaka wa 2011, 1150 ya 2013, 1151 ya 2015, 1200 ya 2020, halafu 1700 ya 2021. Hizo namba ni hesabu ya pini. Prosesa ya 1150 haikai kwa bodi ya 1155 hata uiombee, na hiyo afadhali kwa sababu unaona hapo hapo imekataa. Mbaya ni 1151. Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 kwa hiyo soketi, halafu 2017 ikaleta kizazi cha 8 na pini ni zilezile 1151 lakini kazi ya baadhi ya hizo pini ikabadilishwa, kwa hivyo i5-8400, ambayo ni ya kizazi cha 8, inaingia kwa bodi ya H110 (hiyo namba ni jina la chipu kuu ya bodi) vizuri sana, unafunga feni, unawasha, na hakuna kitu kwa skrini. Mwenye duka anakuambia ni prosesa yako imeungua. Haijaungua! Kizazi cha 6 na 7 kinataka H110, B150, B250, Z170, Z270, na kizazi cha 8 na 9 kinataka H310, B360, B365, Z370 ama Z390, na kujua kizazi chako si ngumu, i5-6500 hiyo 6 ya mbele ndio kizazi, i5-8400 ni 8, i5-10400 ni 10. Imeandikwa juu ya prosesa yenyewe, pangusa pesti (ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni) uisome.

Kwa AMD, mshindani wa Intel, watu husema ati hakuna shida, soketi yake ya AM4 ni AM4. Nusu ni kweli. Soketi haijabadilika tangu prosesa zake za Ryzen za kwanza za 2017 mpaka zile za 5000 za mwisho wa 2020, lakini bodi inajua tu prosesa zilizoandikwa ndani ya BIOS yake (programu ndogo inayoiwasha), so ukinunua bodi ya B450 iliyokaa kwa shelfu miaka na prosesa yako ni Ryzen 5 5600, inaweza kukataa kuwaka mpaka BIOS ipandishwe, na kuipandisha unahitaji prosesa ya zamani ama bodi yenye kile kidude cha kupandisha BIOS kwa flash bila prosesa. Kinyume chake pia iko na hii watu hawaisemi, B550 ni mpya kuliko B450 lakini Ryzen 5 2600 haiko kwa orodha yake. Upya wa bodi hausaidii kitu hapo.

Na wenye AM4 tafadhali, pini ziko kwa prosesa si kwa bodi. Pesti ikishakauka ukivuta feni juu kwa nguvu prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda. Kwa kawaida unawasha mashine ipate joto kwanza, lakini yako imekufa, kwa hivyo omba blodraya ya salon upashe joto kidogo halafu uzungushe feni polepole kushoto kulia mpaka iachie.

Ramu nayo haina mjadala, iko kwa vizazi, ya DDR3 haiingii kwa DDR4, ya DDR4 haiingii kwa DDR5, lile pengo la katikati ya ramu limehamishwa. Mahali pa kuwa macho ni soketi ya 1700, bodi za B660 na B760 zinauzwa za aina zote mbili na maboksi yanafanana, na kama uko na DDR4 yako nzuri hakuna haja ya mtu kukulazimisha DDR5. Saizi pima tu kasha lako, ATX, saizi ya kawaida ya bodi, ni milimita 305 kwa 244, ile ndogo ya mikro-ATX ni 244 kwa 244 na inaingia karibu kasha zote. Bodi zilizotolewa kwa mashine za ofisi za ex-UK mimi sishauri hata kama ni bei ya kutupa, nyingi pawa yake si ile ya kawaida ya pini 24 na matundu ya skrubu hayalingani na kasha lako.

Kuna mtu ataniuliza Windows 11. Ni kweli Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na karibu prosesa zote za Intel chini ya kizazi cha 8 haziko kwa orodha ya 11, kwa hivyo mwenye i5-4570 apige hesabu vizuri kabla hajatafuta bodi ya H81, inayokubali hicho kizazi chake cha 4. Kwangu mimi, kama mtoto anafanyia homuwaki na wewe hujali kuweka Linux (mfumo wa bure badala ya Windows), nunua hiyo H81 na maisha yaendelee.

Kitu kimenifanya niandike hasa ni ile karatasi ya ukutani, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Wakenya tunaiogopa kama amri. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa inasema ukimweleza muuzaji kazi unayotaka kitu kifanye, na ni biashara yake kuuza hivo vitu na umemtegemea akuchagulie, basi kitu lazima kifae hiyo kazi, na juu yake iko sheria ya kuwalinda wanunuzi ya 2012. Kwa hivyo usiende ukiagiza "nipe H110", maana ukitaja jina mwenyewe lawama inakurudia. Sema "niko na i5-6500 na ramu ya DDR4, nataka bodi inayokubali," na uiseme kwa WhatsApp ibaki imeandikwa, hasa kama unaagiza Luthuli Avenue Nairobi na mzigo unakuja na basi ya usiku.

Bodi ya Intel ikifika pini ziko ndani ya soketi, toa kile kifuniko cha plastiki umulike na tochi ya simu ukiwa bado mbele ya yule aliyekuletea, hata moja ikipinda ipige picha usiipokee.

Na nyinyi wenye maduka ya Oginga Odinga Street na kwingineko, andikeni kwa boksi soketi, vizazi vya prosesa inavyokubali na aina ya ramu, kalamu tu inatosha. Na kwa risiti mwandike modeli kamili, si "madabodi 1".

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu