Kabula, picha zako za maweni nimeziona

Ngudu, Kwimba

Mwanangu Kabula,

Mwangaluka, mayu. Huku hatujambo. Mama yako mguu umepata nafuu, na dengu ziko ndani zinasubiri bei. Picha ulizomtumia mdogo wako kwenye simu nimeziona zote, na moja nilimwambia aikuze mpaka nikaona chembe za jiwe lenyewe. Ni ile ya jua linazama, majabali meusi mbele, maji yametulia mpaka hayana wimbi hata moja. Nimeitazama sana. Ni picha nzuri, na nisingesema hivyo kwa sababu tu mimi ni baba yako. Uzito wa jiwe unaonekana. Watu wengi wanapiga Jiwe la Bismarck pale Mwanza mjini, karibu na kivuko cha Kamanga, ukiiangalia picha unaona anga na rangi, jiwe lenyewe hulioni.

Lakini mawe ya Luchelele, pale kando ya Ziwa Victoria ulipopigia, nayajua, mayu. Ujana wangu umeishia kwenye kugonga kokoto Mwanza, na jioni tulikuwa tunashuka huko kuoga. Kwenye picha yako, lile jabali lenye michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege mnandi linaonekana ubavu wake wa nyuma. Ukisimama upande wa kijijini ubavu huo hauonekani kabisa. Maana yake ulikuwa umeshavuka ule mwanya ambao maji hupita chini yake. Na jua limeshagusa vilima vya upande wa Sengerema, yaani ni saa moja kasoro ya jioni. Na ili maji yatulie hivyo kamera ilibidi isimame kwenye miguu yake mitatu, shata, ule mlango wake wa mwanga, iko wazi, nawe umesubiri. Nikapiga hesabu nikajua kwamba mwanya ule uliuvuka tena wakati wa kurudi, gizani, peke yako, na begi mgongoni.

Shangazi yako alipoiona alisema mtoto wa kike asiende maweni peke yake. Nimembishia. Ukienda na watu wanne watapiga soga, pimbi wataingia kwenye mapango yao, na wewe utakuwa unaharakisha kwa sababu kuna mtu ana njaa. Kazi yako inataka kukaa kimya mahali pamoja mpaka mwanga ukae unavyotaka. Hilo naliheshimu. Ninachokuomba ni kwamba njia ya kurudi uipange kabla hujaianza ya kwenda.

Kupanda jiwe ni rahisi kwa sababu macho yako yako karibu na mikono; pa kushika unapaona. Kushuka, unatafuta pa kukanyaga kwa kidole cha mguu, huku tumbo limezuia macho. Kwa hiyo kabla hujapanda jabali, lipande nusu, kisha shuka. Ukiona kushuka kunakupa shida wakati bado kuna mwanga na mwili haujachoka, hapo zunguka au achana napo. Na unaposhuka geukia jiwe, usilipe mgongo. Begi likiwa zito na wewe umeangalia ziwa, likigusa jiwe nyuma yako linakusukuma mbele. Kamera nayo isining'inie shingoni wakati unatumia mikono. Iingie begini, ufunge zipu, ndipo ushike jiwe. Najua unaogopa kukosa picha. Mwanga mzuri wa huku kwetu utarudi kesho.

Sasa kuhusu jiwe lenyewe, maana hili naliweza kuliko mambo ya kamera. Granaiti ya Mwanza ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipoa chini sana ardhini, na udongo na miamba iliyoilemea ilipomomonyoka, ikaanza kuachana tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Jua la mchana na baridi ya usiku vinaongezea. Sisi wagonga kokoto tulikuwa tunaiga kazi hiyo hiyo: unawasha moto juu ya jiwe, ganda linatanuka na kuachana na jiwe la chini, ndipo unaingiza mtaimbo. Kwa hiyo ukiwa juu ya jabali, usidhani kila unachokikanyaga kimeshikana na jabali. Okota kijiwe, gonga. Jiwe zima linalia kwa sauti nyembamba, kali. Ganda lililoachana lina sauti nene, ya kitu kilicho wazi ndani. Hilo usilivute, usilining'inie, wala usiweke miguu ya kamera juu yake. Gonga hasa kwenye kingo, ndipo maganda hukatika. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akigonga anafumba macho, na mimi mpaka leo nikipita kwenye jiwe nalisikiliza.

Karibu na maji angalia rangi. Pale mawimbi yanapofika kila siku kuna utando wa kijani, na ukikauka juu unakuwa mweusi kidogo, unaonekana kama jiwe la kawaida. Ukilowa tena unateleza kuliko sabuni. Kinyesi cha mnandi nacho kikinyeshewa ni hivyo hivyo. Ukiona wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wamelala wanaota jua, jiwe hilo ni kavu na lina joto, kanyaga. (Picha ya yule dume aliyeinua kichwa nimeipenda mno. Nimemwonyesha jirani, hakuamini kwamba rangi hiyo ni yake ya kuzaliwa.)

Wewe umesoma Dar, umezoea bahari, unajua saa za maji kujaa na kupwa. Ziwa halina ratiba hiyo. Linafuata mvua na upepo. Mwaka 2020 lilijaa mpaka likavuka kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kinatajwa miaka yote, na 2024 likajaa tena. Majiwe tuliyokuwa tunakalia kuoga yakawa chini ya maji. Kwa hiyo njia niliyokuwa nakuonyesha ukiwa mdogo usiifuate kwa kumbukumbu, ifuate kwa macho ya siku hiyo. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi hupanda kuanzia saa nane hivi. Ule mwanya uliokuwa mkavu ulipoenda unaweza kuwa unarusha maji unaporudi. Na meli ikipita mbali usiipuuze, wimbi lake linafika wakati wewe umeshaisahau.

Alfajiri kuna jambo jingine. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka kila upande kuelekea ziwani, ukakutana huko katikati, mawingu yakapanda. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa radi huwakuta usiku na kabla ya kupambazuka. Ukitaka picha ya asubuhi, kabla hujatoka nyumbani tazama upande wa ziwa. Ukiona kunamulika, hata kama hakuna sauti, lala. Juu ya jabali tupu wewe ndiye mrefu kuliko vyote vilivyoko hapo.

Na jioni kwetu ni fupi. Jua likishazama una kama dakika ishirini za kuona unapokanyaga. Wewe ulikuwa unazitumia kwa picha. Naelewa, mwanga wa wakati huo ndio mtamu. Basi upigie upande wa huku wa mwanya. Wa kule wapige mapema, kisha vuka, halafu subiri jua lizame ukiwa umekaa pale penye mtini. Nimeiwazia picha hiyo: mtini uko kushoto, mizizi yake imeshuka kwenye ufa wa jiwe mpaka karibu na maji, na Sengerema ng'ambo. Sidhani utapata hasara. Taa ya kufunga kichwani iwe begini hata ukienda saa sita mchana. Ya simu inakula mkono mmoja.

Usishukie kwenye matete kukwepa mawe. Maji yaliyotulia kwenye majani ndiyo yenye konokono wa kichocho, na kiboko naye hupenda humo. Ukishaingia kwa bahati mbaya nenda kapime, usingoje uone damu.

La mwisho ni watu. Wale akina mama wanaoanika dagaa ufukweni, salimia kwanza, kaa nao kidogo, usiinue kamera kabla hawajakuzoea. Kisha mwambie mmoja: mama, naenda mpaka kwenye jabali la mnandi, jua likizama nitapita hapa kukuaga. Na upite kweli, hata kama umechoka, maana usipopita ndivyo atakavyojua kuna jambo. Mdogo wako naye mwandikie saa na mahali. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, ihifadhi kwenye simu, ingawa mtumbwi wa jirani utafika kwanza.

Nikiuza dengu nitapanda basi nije Mwanza. Twende wote Luchelele. Mimi nitaishia kwenye mtini, magoti hayataki zaidi, wewe utaendelea na kazi yako. Nitakuja na nyundo yangu ndogo nikugongee lile bapa ulilosimamisha kamera, maana kwenye picha naona ufa unapita chini ya mguu wa kulia na sijaupenda.

Ile ya mjusi nisafishie kubwa, mama yako ameshaipatia ukuta.

Baba yako