Kabla hujakata bima, Mama Kemi

Mabatini, Mwanza
13 Oktoba 2024

Mpendwa Mama Kemi,

Habari za Bukoba, habari za Baba Kemi na watoto? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Kulwa na Doto wanajiandaa na mtihani wa kidato cha pili, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani.

Ujumbe wako niliupata Jumatano nikiwa dukani, nikaona nisikujibu kwa simu. Haya ni mambo ya kuandika ili uyasome mara mbili, na Baba Kemi naye ayasome. Umesema mmepata gari, Toyota IST, nyumba mmemaliza kuipaua na kuipiga plasta, na kuna wakala amewafuata hadi nyumbani akisema kwa laki saba na nusu atawakatia bima ya gari na ya nyumba kwa pamoja, ila bei hiyo ni ya wiki hii tu. Shoga yangu, nakuomba msilipe kwanza. Ngoja nikueleze yaliyonipata, maana nilikuficha mengi.

Unakumbuka zile mvua za Novemba mwaka jana. Nyumba yetu unaijua, iko chini ya mawe. Huku maji hayana pa kuzama: mvua ikinyesha juu ya majabali yanateremka yote, yanabeba mchanga, takataka, hata vipande vya mabati, yanatafuta Mto Mirongo. Usiku ule nilisikia kishindo kama gunia la mahindi limebwagwa. Nikawasha tochi ya simu. Ukuta wa jikoni wa upande wa mlimani ulikuwa umeinama, na tope lilikuwa limepita chini ya mlango likafika kwenye miguu ya friji. Alfajiri ukuta ukalala. Matofali ya chini yalikuwa yamelowa kiasi kwamba ukiyashika yanameguka kwa vidole kama mkate.

Sikuhangaika sana asubuhi ile kwa sababu nilijua nina bima. Nilikuwa nimeilipia miaka minne bila kukosa, na karatasi nilizitunza kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto. Nikapiga picha, nikachukua bodaboda, nikaenda. Yule ofisa alinipokea vizuri, akafungua hati yangu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: moto, radi na mlipuko. Akaniuliza taratibu, “Mama, mafuriko umeyaona wapi hapa?” Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Hayakuwemo. Yangeweza kuongezwa kwa hela kidogo juu ya ada, lakini aliyeniuzia hakuniambia, na mimi nilipomfuata nilimuuliza kitu kimoja tu, bei. Ukuta ule, pamoja na kujenga kingo ya mawe nyuma yake, ulinila shilingi 2,300,000. Ilikuwa hela ya mzigo wa Krismasi. Ndiyo maana mwaka jana ulipokuja dukani Desemba ulikuta rafu ziko wazi nikakudanganya kwamba vitenge vimekwisha.

Basi Julai, bima zote mbili, ya nyumba na ya gari letu, zilipokaribia kuisha, nilijitengea wiki mbili za kuzunguka. Niliandika maswali kwenye daftari la Doto, na kila nilipoingia niliuliza yale yale, kwa mpangilio ule ule, nikaandika majibu mbele yao. Nilianza na wakala mmoja wa Barabara ya Nyerere, nikaenda benki ninayoweka hela za duka, maana tangu 2019 benki nazo zinaruhusiwa kuuza bima, na mwisho nikaenda kwa dalali wa bima. Huyu wa mwisho ndiye nilikuwa simjui kabisa kazi yake. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni. Dalali anasimama upande wako wewe mnunuzi, anakutafutia kwenye kampuni kadhaa, na malipo yake ni kamisheni inayotoka kwa kampuni utakayoichagua. Nilidhani dalali ataniongezea gharama, lakini bei aliyoniletea haikuzidi ya wakala, na alikuwa na subira ya kunisomea hati kifungu kwa kifungu.

Sasa nikuanzie na nyumba, kwa sababu ndiko watu wengi tunakoumia bila kujua.

Usimwambie mtu wa bima nyumba yako ingeuzwa shilingi ngapi. Kiwanja hakiungui wala hakibomoki. Kinachotakiwa ni gharama ya kuisimamisha upya kwa bei za leo za saruji, nondo, mbao na bati, pamoja na ufundi na kuondoa kifusi. Mimi hati yangu ya zamani ilisema milioni 30, hela niliyoitumia kujenga tangu 2012. Nilimwita fundi apige hesabu upya, akanipa milioni 60. Dalali alichukua kalenda, akaandika nyuma yake kwa kalamu nyekundu: nyumba ya milioni 60, umeikatia ya milioni 30, umekata nusu. Likitokea la kutokea ukapata hasara ya milioni 10, hulipwi 10. Unalipwa 5, kwa sababu nusu nyingine wewe ndiye uliyejiwekea bima mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni ya wastani, na iko kwenye hati nyingi. Nikajua kwamba hata kama mafuriko yangekuwemo, bado nisingelipwa ukuta wote. Kwa hiyo mwite fundi wenu kabla ya kumwita wakala. Na ukienda upande wa pili ukataja milioni 100 wakati nyumba ni ya 60, utalipia ada ya 100 ila hutalipwa zaidi ya hasara yenyewe.

Jambo la pili ni hatari zipi zimetajwa. Wewe uko Hamugembe, Mama Kemi. Mimi tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi ile, nilikuwa Makoroboi dukani nikaona madumu yanagongana, nikadhani ni lori. Kumbe kwenu nyumba zinaanguka. Uliniambia mwenyewe jinsi mlivyolala nje na watoto chini ya turubai. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Usiniambie unakata bima ya nyumba Bukoba bila kuliona neno “tetemeko” kwa macho yako kwenye hati. Kampuni mbili kati ya nilizoulizia zilikuwa nalo ndani, moja ililiweka kama nyongeza ya kulipia. Vilevile uliza mafuriko na dhoruba, na uliza mafuriko wanayahesabuje: je, maji ya mvua yanayoteremka mlimani yamo, au ni mpaka mto au ziwa lifurike? Swali hili dalali alilipeleka kwa kampuni kwa maandishi, nasi tukajibiwa kwa maandishi. Karatasi hiyo nimeibana kwenye hati.

Radi kwetu sote wa kandokando ya ziwa si jambo la kuuliza mara mbili, na karibu kila hati inayo. Kinachosahaulika ni umeme unapokatika ukarudi kwa nguvu na kuunguza friji na televisheni. Hiyo si radi, na mara nyingi haimo. Vyombo vya ndani pia ni bima yake: usidhani ukikatia nyumba basi makochi na cherehani vimo. Viorodheshe, vipige picha, risiti zitunze. Wizi nao uliza kama wanataka nondo madirishani au alama za kuvunja mlango, kwa sababu mwizi akiingia mlango ukiwa wazi huenda usilipwe kitu.

Kwenye gari mambo ni mepesi kidogo. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu inayotakiwa kisheria, kwa gari la kutembelea kila nilipoingia niliambiwa 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18. Usipoteze nauli kuitafutia bei. Inalipa uliyemgonga au mali yake uliyoiharibu. Gari lako likikunjika, hilo ni lako. Kwa kuwa IST mmenunua kwa kudunduliza, mimi ningekata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, angalau miaka mitatu ya mwanzo.

Bima kubwa ndiyo ya kuzungukia. Gari letu tulilikadiria milioni 14. Kampuni ya kwanza ilitaka asilimia 3.5, yaani 490,000, na VAT ikawa 578,200. Ya pili asilimia 4, ikafika 660,800. Baba Kulwa akasema tuchukue ya kwanza, tutaokoa 82,600. Nikamwomba tusome kwanza eksesi, ile sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe kila ajali. Kampuni ya kwanza: asilimia 10 ya hasara, lakini isipungue 500,000. Ya pili: asilimia 10, isipungue 150,000. Ukigongwa bampa na taa, fundi akasema 700,000, ya kwanza inakupa laki mbili, ya pili inakupa laki tano na nusu. Na ajali za mjini ni hizo hizo za bampa na taa. Tulichukua ya pili.

Halafu uliza gereji. Wengine wana gereji zao na zote ziko mjini mkubwa. Kwako Bukoba hilo ni jambo zito: gari likiharibika nani analipia kulivuta, na litatengenezwa wapi? Uliza pia vipuri vipya au vya mtumba, na kama unapunguziwa uchakavu. Mwaka ukiisha bila kudai, uliza punguzo ni kiasi gani, na kama kampuni ya pili italitambua ukihama.

Umeniandikia Baba Kemi anataka gari liwe linabeba wageni wa harusi wikiendi kwa malipo. Hilo mwambieni mtu wa bima waziwazi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali lina abiria wa kulipa, dai linaweza kukataliwa lote. Ada ya biashara ni kubwa zaidi, najua. Lakini kulipa ada ndogo miaka mitano halafu siku ya shida ukaambiwa hukusema kweli, hilo silitaki likukute. Leseni ya dereva nayo iwe hai.

Sasa turudi kwa huyo mwenye laki saba na nusu. Mwambie akuandikie gari peke yake na nyumba peke yake. Tuseme IST ni milioni 12: asilimia 3.5 ni 420,000, na VAT ni 495,600. Inabaki 254,400 ya nyumba. Ya thamani gani, na hatari zipi? Au pengine kwenye gari ameweka bima ndogo ya 118,000 na nyumba anakutoza zaidi ya laki sita. Bei mbili zikifungwa kwenye bahasha moja huwezi kujua umenunua nini. Mimi pia niliahidiwa punguzo nikiweka vyote kampuni moja, na lilikuwa punguzo la kweli. Nililiacha, kwa sababu kampuni iliyokuwa nzuri kwenye gari iliyatoza mafuriko kama nyongeza ghali. Gari liko huku, nyumba iko kule.

Na bei ya “wiki hii tu” isikutie haraka. Akiwa wakala wa kweli ana usajili wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na ofisi yao ya kanda iko hapa hapa Mwanza, nitakuulizia. Hela ziende kwenye akaunti ya kampuni, si kwenye namba yake ya simu. Mkishalipa, ingieni kwenye mfumo wa TIRA MIS kwenye intaneti, andikeni namba ya gari, muone kama bima imeonekana, ya aina gani, na inaisha lini. Bima haianzi mpaka ada imelipwa, kwa hiyo tarehe ya risiti iangalie. Kuna pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009, anayesikiliza mtu asiyeridhika na kampuni yake. Mwaka jana nilikuwa simjui. Kesi yangu pengine nisingeshinda, hati ilikuwa wazi, lakini ningepata wa kuniambia hivyo mapema, badala ya kuzungushwa ofisi kwa ofisi hadi Februari.

Daftari la maswali nimelitoa nakala. Ijumaa ijayo natumaini kusafiri, Jumamosi asubuhi niwe Bukoba kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa dada. Mwombeni huyo wakala aje Jumamosi jioni na hati yenyewe, siyo kipeperushi, na fundi awe ameshapiga hesabu ya nyumba. Tutakaa naye barazani tusome wote. Niwekee senene kama wameanza kupatikana.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Kulwa