Maandamano yajayo, aliyefiwa asikike kwanza

Kwa Mhariri,

Jumamosi iliyopita, Januari 27, 2024, nilikuwa miongoni mwa maelfu ya watu waliokusanyika Jeevanjee Gardens, Nairobi, kupinga mauaji ya wanawake. Nasikia Mombasa, Kisumu na Nakuru pia walitoka. Mimi sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mama mmoja anayeuza mboga Kariobangi, ambaye binti yake nilimfundisha Kiswahili kuanzia darasa la sita hadi la nane. Binti huyo aliuawa mwaka wa 2021 na mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Kesi ingali inaahirishwa. Mama alibeba picha yake ya sare ya shule, ameifunga kwa nailoni isilowe.

Waandamanaji wengi walivaa fulana nyeusi zilizochapwa majina ya wanawake waliouawa mwezi huu wa Januari. Mama alipogundua kwamba yale ni majina, alianza kuwafuata watu akisoma vifua na migongo yao. Alisoma polepole, herufi kwa herufi, huku umati ukimsukuma. Nilijua anatafuta nini na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hatalipata. Tulipofika Barabara ya Moi aliniuliza, "Mwalimu, wa kwangu wamemwandika wapi?"

Nimekosa usingizi kwa swali hilo, ndiyo maana naandika.

Nisieleweke vibaya. Nawashukuru kwa dhati vijana walioitisha matembezi yale. Watu walitembea kwa amani, wanaume kwa wanawake, na sikuona dirisha hata moja la duka likivunjwa. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, bila silaha, na siku ile haki hiyo ilitumika ilivyokusudiwa. Lakini yule ambaye msiba ni wake alirudi nyumbani bila kusikia wala kusikika, na jambo hilo linaweza kurekebishwa kabla ya matembezi mengine.

La kwanza ni hilo la majina. Fulana huchapwa mapema, nayo mauaji hayangoji kiwanda. Pale watu wanapokusanyika, litandazwe shuka refu jeupe pamoja na kalamu za wino mzito, kila aliyefiwa aandike jina la mtu wake, awe aliuawa mwezi huu au miaka kumi iliyopita. Asiyejua kuandika aandikiwe. Shuka hilo ndilo litangulie mbele, na wenye wafu wao walishike pembeni.

La pili ni lugha, na hapa nakiri nina uchungu wa miaka 34 ya chaki. Karibu mabango yote niliyoyaona yaliandikwa kwa Kiingereza. Hotuba chache zilizonifikia zilikuwa za Kiingereza, na neno kuu la siku ile, la kutaja mauaji haya, "femicide", mama aliniuliza maana yake mara mbili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena lugha rasmi. Tulipita mbele ya makondakta, wachuuzi na waendeshaji bodaboda waliosimama kando kututazama. Mmoja alisema kwa sauti kuhusu wanawake waliouawa, "Kwani walienda kufuata nini huko?" Yule ndiye tuliyetoka kumwambia neno, nasi tukampita tukipeperusha maandishi asiyoyajali. Kama ningekuwa na karatasi ndogo ya Kiswahili, yenye sentensi tano na namba 1195, ile ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia, ningesimama nimpe mkononi. Huenda ana dada.

Tatu, kipaza sauti. Kilikuwa kidogo na kilishikwa na watu wengi. Nilikuwa umbali wa kama hatua 40 na nilichosikia ni filimbi tu. Mwanasiasa mmoja aliyejaribu kuhutubia alizomewa, na ingawa nawaelewa waliozomea, muda ule wa makelele ungemtosha mama mmoja kusema jina la mwanawe na kuketi. Uamuzi huu ufanywe mapema na utangazwe: kiongozi anakaribishwa kutembea, lakini hatahutubia.

Mwaka wa 1992 nilikuwa mwalimu wa miaka 30. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoketi Uhuru Park, pale palipokuja kuitwa Freedom Corner, pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, nilipita baada ya kazi nikasimama kwa mbali kwa woga. Polisi waliwavamia kwa rungu na gesi, na baadhi ya akina mama hao wakavua nguo kuwalaani polisi. Baadaye walihamia kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima, nami niliwapelekea unga mara mbili. Ninachokumbuka zaidi ni ule utulivu kabla ya rungu: mama anainuka, anasema kwa lugha yake, mwingine anatafsiri, watu wameketi nyasini wanasikiliza. Wafungwa wale karibu wote waliachiliwa.

Kwa hiyo naomba kila matembezi yawe na nusu saa ya kuketi. Wazee tutapumzisha magoti, atakayetaka maji atapata, na waliofiwa watasema mmoja mmoja kwa lugha wanayoiweza. Vijana wenye majaketi yanayong'aa wawe wengi, wajue vyoo viko wapi na nani ana kisukari. Sheria inataka mkuu wa kituo cha polisi (OCS) apewe notisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi 14 kabla ya maandamano. Katika siku hizo tatu barua ya madai pia inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, isomwe mbele ya watu wote kabla ya kukabidhiwa, ili kila mtu arudi nyumbani akijua ni nini kilichodaiwa kwa niaba yake.

Jumatatu nilikwenda Biashara Street nikanunua mita tano za merikani. Mama alikuja kwangu jioni baada ya kufunga kibanda, akaandika jina la binti yake kwenye pembe ya juu, akachukua karibu robo saa. Nafasi iliyobaki ni kubwa. Waandalizi wa matembezi yajayo wakisoma barua hii, watangaze siku na mahali, nasi tutakileta kitambaa hicho.

Mwalimu mstaafu,
Kariobangi Kusini, Nairobi