Hasi mara hasi, tumalize ubishi
Habari za jioni wapendwa. Ubishi wa jana hapa kundini, kwa nini namba hasi mara namba hasi inatoa chanya, ulifika saa sita usiku, hebu tuumalize. Shukeni nami taratibu: −3×2 = −6, −3×1 = −3, −3×0 = 0. Kila hatua jibu linapanda kwa 3, basi −3×−1 ni 3. Hakuna uchawi. Brahmagupta, mwanahisabati wa India, aliiandika kanuni hii mwaka 628, kwa lugha ya mali (chanya) na madeni (hasi).

Aliyeuliza sifuri mara ∞ (alama ya kisicho na mwisho), usikimbilie kujibu sifuri. ∞ si namba ya kawaida. Chukua 1/n mara n, kisha 5/n mara n. n ikikua bila kikomo, 1/n na 5/n zote zinaelekea sifuri, ila majibu yanabaki 1 na 5! Ndiyo maana sifuri mara ∞ haina jibu moja.

Kesho saa mbili usiku tunaanza mabano. Na voisi za dakika nane sisikilizi jamani, andikeni.