Malalamiko: kipimo cha malaria alichopimwa mume wangu

Nairobi

Kwa Meneja wa Maabara,

KUH: MAJIBU YA MALARIA YASIYO SAHIHI

Mume wangu ni fundi wa umeme. Alirejea nyumbani kutoka kazi ya mkataba Djibouti na homa ikampata. Alipofika kliniki yenu akitetemeka, jambo la kwanza alilosema ni alikotoka, na limeandikwa kwenye faili yake. Akatobolewa kidole, damu ikawekwa kwenye kipimo cha haraka, ukatokea mstari mmoja tu, yaani hana malaria. Akaambiwa ni mafua, akapewa paracetamol na bili.

Kesho yake alianza kuweweseka. Hospitali nyingine ilitazama damu yake kwa darubini, ikakuta vimelea vya malaria aina ya falciparum tele. Amepona, Mungu ashukuriwe.

Mhudumu wenu simlaumu. Alitumia alichowekewa mezani. Swali langu ni kwa anayeagiza. Pakiti niliyoonyeshwa inasema kipimo hicho hutafuta protini ya HRP2 peke yake. Huko Pembe ya Afrika, hasa Eritrea, Djibouti na Ethiopia, vimelea vingi vya falciparum vimepoteza jeni ya kutengeneza protini hiyo, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa hoi na mstari wa pili usitokee. Eritrea iliachana na vipimo vya namna hiyo tangu 2016. Vipo vipimo vinavyotafuta pia kimeng'enya cha vimelea kiitwacho pLDH, na darubini mnayo. Niliiona mwenyewe, imefunikwa kitambaa.

Hata angetoka kwingine, majibu hasi ya mara moja hayatoshi kwa msafiri mwenye homa. Damu hutazamwa kwa darubini, na isipoonyesha kitu hurudiwa kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka zitimie mara tatu. Mlangoni mmebandika tangazo la huduma kwa wasafiri. Basi hawa wasafiri mnawauliza walikotoka ili iweje?

Naomba mrudishe pesa za kipimo na za kumwona daktari. Naomba pia mnijibu kwa maandishi ni kipimo gani kinatumika katika matawi yenu, na ni lini mtaanza kutumia darubini kwa kila mwenye homa aliyetoka safari. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaipeleka barua hii kwa bodi inayosimamia maabara za tiba.

Nimeambatisha nakala za risiti zenu na majibu ya hospitali.

Wenu,
Mke wa mgonjwa